Niliifungua Jumapili

Alhamisi jioni, Kianda. Mvua iliyotunyeshea tangu wiki jana imekata, jua limewaka kutwa, na kamba za nguo za ploti yetu zimejaa mpaka zinainama. Mimi nimekaa mlangoni, simu mkononi, ndoo ya nguo zangu miguuni, na sijafua hata moja. Nimechoka, lakini ni uchovu mzuri.

Nimepumua. Wacha niliandike hilo kwanza kabla sijaanza kujilaumu, maana najijua.

Kwa mgeni aliyefika hapa leo: ninafanya kazi katika ofisi ndogo Kawangware, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa. Tunachunguza kompyuta na simu za watu wenye kesi au ugomvi unaohitaji ushahidi. Nani alifuta faili, nani aliandika nini, na lini. Anayechunguza ni mwajiri wangu, Bwana Mureithi. Mimi ni wa mlangoni. Nampokea mteja, namsikiliza, najaza fomu ya mapokezi, natia kifaa chake kwenye mfuko, naufunga mfuko kwa lakiri yenye nambari, anatia sahihi, natia sahihi. Ni hayo tu.

Angalau ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mpaka leo asubuhi.

Watu hudhani kazi yetu inaanza pale Bwana Mureithi anapovaa miwani na kukaa mbele ya skrini. Inaanza mlangoni. Kabla mtu yeyote hajagusa kitu, lazima tujue kifaa ni cha nani, kimekaa wapi, kimepita mikononi mwa nani, na kama kimewashwa tangu mambo yaharibike. Hilo la mwisho ndilo zito. Kompyuta ukiiwasha tu, hata usiposhika kitu, inaanza kujiandikia mambo yake ndani na kufunika mengine. Kwa hiyo mtu aliyewasha "aangalie kidogo" amekwishaharibu, hata kama hakuwa na nia mbaya. Upande wa pili utasema: si mnaona, aliwasha akatoa asichotaka kionekane.

Na wateja wetu, Mungu awabariki, wana namna zao. Wapo wanaoipangusa laptop kwa kitambaa chenye mafuta taa kabla ya kuileta, ing'ae, kama wanaipeleka kanisani. Kuna bwana alileta simu ndani ya gunia la mchele ilhali haikuwa imeingia maji. Mama mmoja alikuja na simu ya mumewe ndani ya soksi, mume hajui, tukamrudisha nayo vilevile. Na karibu wote wamepitia kwa fundi wa mtaani kwanza. Nikiuliza jina la mteja napewa jina, kisha historia ya ukoo, kisha ugomvi ulivyoanza mwaka ule wa kwanza. Nimejifunza kuvumilia. Nilidhani pia nimejifunza kusikiliza.

Sasa niungame.

Fomu yetu ilikuwa ya Kiingereza. Nilipoanza kazi niliona watu wanaitikia kila swali kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa sababu ya kuona haya kusema hawajaelewa. Nikamwambia Bwana Mureithi nitaitafsiri. Mimi nilipata A ya Kiswahili kidato cha nne, na sidhani kuna mtu ninayemjua ambaye sijamwambia. Nilikaa nayo wikendi nzima. Swali la sita, lile la kuwashwa, lilinisumbua, kwa sababu la Kiingereza lilikuwa na maneno matatu: kuwasha, kuingia ndani, kukifungua kwa bisibisi. Nikatafuta neno moja la kubeba yote matatu. Nikaandika: "Je, kifaa kimefunguliwa tangu tukio litokee?"

Nilijipongeza kwa hilo neno. Tunasema fungua laptop, fungua imeili, fungua simu fundi aone. Neno moja, kazi tatu. Bwana Mureithi akaisoma fomu, akasema iko sawa, akaninunulia chipsi. Fomu ikaanza kutumika Januari.

Jumatatu wiki hii akaja Mama Salma.

Hilo si jina lake, na shule sitaitaja. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akanipa, ila amesema nisimfanye mzee sana. Haya: ni mama wa makamo, mzaliwa wa mtaa wa Makina, na anaongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, hata nikiwa na A yangu. Ni karani wa shule moja ndogo ya kibinafsi huku Kianda. Shule haina kompyuta, kwa hiyo anapiga chapa mitihani na barua kwenye laptop yake mwenyewe. Amekuwa pale tangu shule ikiwa vyumba viwili vya mabati.

Jumamosi iliyopita asubuhi, barua ilitokea kwenye kikundi cha wazazi cha simu. Ilikuwa na nembo ya shule na kila kitu. Ilisema shule itafungwa mwisho wa muhula, wazazi watafute nafasi kwingine. Ilikuwa uongo mtupu, lakini kufikia adhuhuri kuna wazazi walishakwenda kuulizia shule nyingine. Mwenyekiti wa bodi akaichunguza ile faili kwenye simu yake na kukuta ndani imeandikwa jina la mtengenezaji: Mama Salma. Akampigia. Akamwambia asiiwashe laptop yake mpaka ichunguzwe na watu wa nje, na kwamba bodi itakaa Ijumaa. Kama ameigusa, bodi haitakuwa na haja ya kungoja uchunguzi wowote. Itamwachisha kazi siku hiyohiyo.

Kwa hiyo swali langu la sita ndilo lililokuwa kazi yake yote.

Aliketi amepakata laptop mapajani, imefungwa ndani ya leso ya kujitanda, ncha zimekazwa kwa mafundo. Nilitaka kucheka. Si kwa ubaya, ila ilionekana kama amebeba mkate wa kupeleka kwa wagonjwa. Alifungua mafundo taratibu mbele yangu, akaitoa. Nikamrudishia leso. Nilimwambia, "Chukua leso yako, Mama, hiyo hatuihitaji." Kwenye orodha ya vitu vilivyokuja na kifaa nikaandika chaja moja na kipanya kimoja. Leso sikuiandika.

Tukafika swali la sita. Nililisoma kwa sauti ya mtangazaji wa habari, ndivyo ninavyolisoma siku zote. Akafikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kujibu.

"Niliifungua Jumapili," akasema. "Mara moja tu. Kwa ajili ya mvua."

Sikuuliza mvua imeingiaje hapo. Nimejaribu leo kukumbuka nilikuwa nikiwaza nini, na ukweli ni wa kijinga: nilidhani mvua ilimfungia ndani akakosa la kufanya. Mimi mvua ikininyeshea Jumapili nafungua laptop nitazame filamu. Nikajitazama mimi, nikamwandika yeye. Nikaweka tiki kwenye "Ndiyo", na mbele yake nikaandika: Jumapili, mara moja, mteja mwenyewe.

Nilimwonea huruma hata. Nilijiambia moyoni, pole Mama, umejimaliza. Kisha nikamwita aliyefuata.

Baada ya mapokezi, ofisi yetu huandika barua fupi kwa upande wa pili kueleza kifaa kimefika katika hali gani. Uchunguzi wenyewe huchukua siku, kuna foleni. Kwa hiyo kikao cha Ijumaa kingekuwa na barua hiyo tu mezani. Jumanne Bwana Mureithi akasoma fomu yangu, akaguna, akaandika kwamba kulingana na maelezo ya mteja mwenyewe, kifaa kiliwashwa siku moja baada ya tukio. Akatia sahihi. Akanipa bahasha niipeleke kwa mwenyekiti, kwa kuwa shule iko njiani kwangu.

Hapa ndipo naanza kuona aibu kuandika, lakini blogu isiyo na aibu ni matangazo.

Sikuipeleka. Jumanne jioni mvua ilikuwa inamwagika, matope yamejaa, nikapitia njia ya mkato nifike nyumbani. Jumatano asubuhi Bwana Mureithi akaniuliza kama barua ilifika. Nikasema ilifika. Bahasha ilikuwa kwenye mkoba wangu, chini ya mwavuli. Nilijiambia nitaipeleka jioni na uongo utageuka kweli wenyewe. Jumatano jioni mvua ikanyesha tena.

Leo nimeamka na jua, na bahasha bado mkobani, na nimeapa kuipeleka saa saba kamili nikienda chakula cha mchana.

Saa tatu Mama Salma akaingia. Nilikuwa nimemwita mwenyewe, kwa sababu Jumatatu nilisahau kumpa ukurasa wa pili autie sahihi. Nikampa fomu na kalamu, nikaendelea na yangu. Mtu mwingine angetia sahihi na kwenda zake. Yeye akatoa miwani. Akasoma kila mstari kwa kidole, kama anayesahihisha mtihani, na kweli hiyo ndiyo kazi yake. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, hapa hukumaliza."

Nikamuuliza wapi.

"Umeandika niliifungua Jumapili. Mbona hukuandika kwamba niliifunga tena?"

Nikamwambia hiyo inaeleweka, Mama, mtu akifungua si atafunga.

"La, haieleweki," akasema. "Mtu atafikiri niliiacha wazi inyeshewe. Niliifunga saa ileile, mafundo mawili, nikaitia kwenye sanduku la bati juu ya kabati. Pale chini ya kitanda maji yalikuwa yanaingia."

Mafundo.

Nilimtazama, nikatazama mapaja yake pale ilipokuwa leso Jumatatu, na nikahisi joto limenipanda kuanzia shingoni. Nikamuuliza polepole alifungua nini Jumapili. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

"Leso," akasema. "Nilifungua leso nione kama imelowa. Haikuwa imelowa. Kwani wewe uliandika nini?"

"Hukuiwasha?"

"Niiwashe vipi, na mwenyekiti ameniambia nisiiwashe?"

Huyu mama alinijibu kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kilichofungwa hufunguliwa. Alifunga kitu kwa leso, akakifungua, nikamuuliza kama kimefunguliwa, akasema ndiyo, kwa sababu ni mtu mkweli. Mimi ndiye niliyekuwa na Kiswahili cha skrini. Na alikuwa ameifungua leso hiyohiyo mbele ya macho yangu, na mimi nikamwambia aichukue hatuihitaji.

Kisha nikakumbuka bahasha.

Nikiri jambo ambalo si zuri: kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Barua ile mbaya ilikuwa bado mkobani mwangu. Haikuwa imefika popote. Uvivu wangu wa siku mbili ulikuwa umeizuia. Cha pili nilichohisi ni hofu, kwa sababu ili kuisahihisha ilibidi nimwambie Bwana Mureithi mambo mawili: kwamba niliandika uongo bila kujua, na kwamba nilimwambia uongo nikijua.

Nilifikiria njia nyingine. Nichape fomu mpya, Mama Salma aitie sahihi, ile ya zamani niichane. Ningemwambia Bwana Mureithi kuna makosa madogo ya tahajia, aandike barua nyingine. Nilifikiria hayo kwa muda wa kutosha kuona yanawezekana. Mama Salma alikuwa amekaa pale, mikono juu ya fomu, anangoja nimwambie ni mbaya kiasi gani. Nikaamka nikaenda ofisi ya ndani.

"Boss, nimeharibu."

Bwana Mureithi hapigi kelele. Afadhali angepiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaipangusa.

"Awuor, jana uliniambia barua ilifika."

"Haikufika. Iko kwa bag yangu."

"Ilete."

Nikaileta. Akaigeuza, akaona haijafunguliwa, samahani, neno hilo tena, akaona gundi haijabanduliwa. Kisha bega lake likatikisika kidogo na nikagundua anacheka, lakini hakutaka nione.

"Kwa hivyo uongo wako ndio umetuokoa na makosa yako," akasema. "Usirudie moja wala nyingine."

Nikamwambia nitachapa fomu mpya. Hapo hakucheka. Akasema fomu haichapwi upya. Kosa halifutwi kwa wino mweupe wala halichanwi. Unapiga mstari mmoja juu yake, mstari ambao mtu anaweza kusoma kilicho chini, unaandika lililo sahihi kando, unatia tarehe na sahihi, mteja anatia yake, na maelezo ya kwa nini yanaandikwa nyuma. Siku moja mtu akiishika fomu hii mahakamani, aone tulikosea wapi na tulirekebisha lini. Tukianza kuficha makosa yetu wenyewe, ni nani atatuamini tukisema tumepata makosa ya wengine?

Kwa hiyo kosa langu litabaki kwenye faili milele, na mstari mmoja juu yake. Nimeandika nyuma: "Mpokeaji alidhani mteja alimaanisha kuwasha. Mteja alimaanisha kufungua leso iliyofungia kifaa. Kosa ni la mpokeaji." Mama Salma alisoma, akatia sahihi, akasema sina haja ya kujiandika vikali hivyo. Nikamwambia niachie.

Bwana Mureithi akataka leso yenyewe iletwe iingie kwenye orodha, maana ilikuja na kifaa na mimi niliirudisha. Mama Salma akasema iko nyumbani, ataileta kesho. Kisha Bwana Mureithi akafanya jambo ambalo hafanyi: akaruka foleni. Akakata lakiri mbele yetu sote wawili, akaandika saa, akaitoa diski, akaiunganisha na kile kifaa chake kinachoruhusu kusoma lakini hakiruhusu kuandika chochote.

Tulingoja nje. Mama Salma alikuwa akivuta tasbihi ndani ya mkono wa nguo yake, nasikia tu vishanga. Mimi nilikuwa nikijiuliza itakuwaje kama maneno yake na mashine hayatalingana. Ninamwamini, lakini nimekaa kwenye kiti hiki miezi ya kutosha kujua kwamba watu wa kuaminika pia huwasha.

Bwana Mureithi akatuita. Kwenye skrini kulikuwa na orodha ndefu: iliwashwa, ilizimwa, iliwashwa, ilizimwa, kila mstari na siku na saa yake. Akateremsha mpaka chini kabisa. Mstari wa mwisho ulisema ilizimwa, Ijumaa jioni. Chini yake palikuwa patupu.

"Hakuna Jumapili," akasema. "Hakuna hata Jumamosi."

Mama Salma alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo, mara tatu. Mimi nilitoka nikaenda choo kile tunachotumia pamoja na watu wa duka la dawa, nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuandika barua.

Kuhusu jina lake ndani ya ile faili, Bwana Mureithi alisema hilo peke yake halimshtui. Mama Salma ndiye aliyetengeneza ule ukurasa wenye nembo, miaka iliyopita, na kila mwalimu anautumia. Ukiandika barua yako juu ya ukurasa wa mtu, jina lake laweza kubaki ndani. Uchunguzi kamili utasema, na ripoti bado. Nani aliyeandika ile barua sijui, na si swali la mlangoni. Langu lilikuwa moja tu, na nililiuliza vibaya.

Barua mpya nimeipeleka saa ileile kwa boda boda, bila kungoja saa saba, bila kungoja jua wala mvua. Mwenyekiti wa bodi alitoka darasani akaisoma amesimama uwanjani, watoto wakimpita miguuni.

"Kwa hivyo hakuiwasha," akasema.

"Hakuiwasha."

"Mimi nilikuwa nimeambiwa na watu aliiwasha."

Sikumuuliza ni watu gani. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuwa mmoja wao, na bahasha yangu ingekuwa na sahihi. Akaikunja barua, akasema basi bodi itangoja ripoti, na Mama Salma arudi ofisini Jumatatu kwa sababu mitihani ya nusu muhula haijapigwa chapa. Akaniomba nimfikishie. Nikamwambia hapana, hiyo ampigie mwenyewe, mimi ni wa barua tu. Nadhani alinielewa.

Alimpigia. Najua kwa sababu saa kumi na moja, nikiingia hapa kwenye ploti, simu yangu ililia. Ni Mama Salma. Kwanza nikasikia pumzi zake tu.

"Mwanangu," akasema hatimaye. "Nimerudishwa."

Nikasema najua, Mama, nimefurahi mno. Nikaomba msamaha tena. Akasema yameisha. Kisha akashusha sauti.

"Ila kuna jambo. Ile leso ya ushahidi."

"Imefanya nini?"

"Leo jua lilikuwa zuri. Nimeifua. Iko kambani."

Nimecheka mpaka jirani akachungulia. Naye akacheka, na nadhani alikuwa pia analia. Nikamwambia ailete tu, tutaiandika hivyo: leso moja, safi, imekauka.

Na sasa nimekaa hapa mlangoni na nimepumua. Nasema hivyo kwa mara ya pili kwa sababu ni kweli. Mama mmoja ana kazi yake leo usiku, na kazi yangu pia ninayo, ingawa kesho nitaingia ofisini bila kutaja A yoyote. Swali la sita nimeshaliandika upya hapa kwenye simu: "Tangu siku hiyo, umefanya nini na kifaa hiki? Eleza kwa maneno yako." Ni refu. Halina ndiyo wala hapana. Litanichosha kwa kila mteja. Sawa.

Lakini fomu ile ilianza Januari.

Nilihesabu kabla sijatoka ofisini. Kwenye kabati kuna fomu kumi na moja zenye "Ndiyo" kwenye swali la sita, zote kwa mwandiko wangu mzuri wa mviringo. Wengi wa hao huenda waliwasha kweli. Sijui, na hilo ndilo linalonitafuna. Mmoja namkumbuka kwa sura: fundi wa milango ya chuma kutoka mtaa wa Raila, alikuja na simu ya marehemu kaka yake, akitaka kujua nani aliyempigia siku ya mwisho. Nilimuuliza swali langu. Akasema ndiyo, aliifungua, akatoa laini aitie kwenye simu yake apokee rambirambi. Nikasikia "aliifungua" nikaweka tiki. Tukamwambia kwa kuwa ameingia ndani ya simu, hatuwezi kumhakikishia lolote. Alishukuru, akaiweka mfukoni, akashuka ngazi.

Kutoa laini si kuwasha simu. Unafungua kifuniko cha nyuma tu.

Nambari yake iko kwenye fomu. Kesho asubuhi, kabla sijachemsha chai ya ofisi, nitaanza na yeye. Nitamuuliza aliifunguaje, kisha ninyamaze mpaka amalize.